Herufi ya Kwanza ya Mama

Karakana ya baba yangu iko Keighley,
nyuma ya kiwanda cha sufu kilichofungwa.
Yeye ana patasi, mimi nina penseli.
Kila neno hupita kwangu kwanza,
maana jiwe likishakatwa halina kifutio,
na mwaka juzi tulimlipa mjane mmoja fidia
kwa sababu ya nukta.

Jumanne wakaja watoto wa Enid Barraclough,
watatu, na mvua mabegani.
Karatasi yao ilisema, kwa Kiingereza chao:
Hapa amelala mama yetu.
M ndogo.
Clifford, mkubwa wao, akaibandika kidole ile m
kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi.
"Huyu alikuwa mdogo? Huyu? Mpe kubwa."

Nikamweleza kama nilivyofundishwa.
Cheo cha undugu kikisimama peke yake,
pale ambapo ungeweza kuweka Enid
na sentensi isichechemee,
kinapewa herufi kubwa.
Kikitangulia jina, vilevile:
Shangazi Nell, Mjomba Percy, wanavaa kofia pamoja.
Lakini ukishasema "yetu", ukishasema "yangu",
ukishamshika mkono kumwonyesha watu,
amekuwa mmoja wa akina mama wa dunia,
na herufi inavua kofia.

"Yaani akiwa wangu, anapungua?"

Kanuni ninayo. Jibu sikuwa nalo.

"Miaka thelathini na moja aliamka saa kumi alfajiri
kwenda kuosha mabasi, viatu vikimlia maji,
na wewe unaniambia 'yetu' inamkata miguu?"

Brenda, wa pili, alikuwa akipiga hesabu.
Paundi nne na nusu kwa herufi,
kubwa au ndogo, bei ni ile ile.
"Basi weka kubwa, Cliff, tumalize."
Kutoka kwenye vumbi lake
Baba akacheka. Mimi sikucheka.
Mimi ndiye ninayesimamishwa makaburini Jumapili
na walimu wastaafu wenye kalamu mfukoni.

Wa tatu, Callum, hakuwa Barraclough.
Aliletwa na idara ya ustawi akiwa na miaka tisa,
nguo zake zote kwenye mfuko wa taka.
Alikuwa akiangalia sakafu, akasema:
"Kadi zangu zote niliandika Enid.
Jina. Hakuna wa kubishia jina.
Mara moja tu, nikiwa jeshini, nilijaribu lile neno.
Nikaweka m kubwa, nikaifuta,
nikaweka ndogo, nikaifuta,
mpaka karatasi ikatoboka.
Nikaituma na tundu lake."

"Tuliikuta," Brenda akasema, "kwenye kopo la biskuti.
Tulidhani ni panya."

"Mimi m hainisumbui," Callum akasema.
"Ni hiyo 'yetu'. Sijawahi kujua
inaishia wapi."

Mvua ilikuwa bado inapiga bati.
Clifford akanyosha mkono, hakuniangalia,
nikampa penseli.
Akaikata "yetu" mistari miwili,
akikandamiza kama anayefunga mlango wenye upepo,
kisha akairudia ile m
akaipandisha mpaka ikafika dari la mstari.

Hapa amelala Mama.

Ikawa sahihi. Kanuni nayo ikaridhika,
ingawa hakuna aliyekuwa akiiwaza.
Kwa Kiingereza "yetu" ni herufi tatu:
paundi kumi na tatu na nusu,
Brenda akazirudisha kwenye pochi,
akazitoa tena, akasema za maua.

Walipoondoka nikafungua daftari la kazi.
Bamba la Wales, kijivu. Barraclough.
Kazi ataianza baba Alhamisi.
Nikaiangalia ile b.
Hapakuwa na "yangu" popote kwenye ukurasa.
Yeye alikuwa pale, mgongo kwangu,
akipuliza vumbi kwenye tarehe ya mtu mwingine.
Nikaipitishia wino juu ya wino
mpaka ikawa nene kuliko zote,
mbaya, imevimba,
na nikaiacha hivyo.